Barua ya wazi kuhusu barabara kuu inayokatiza mji wa Malindi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi. Kwa Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi katika Bunge la Kaunti. Kwa Bodi na Meneja wa Manispaa ya Malindi. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA. Na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahili, nawaandikia kuhusu barabara moja tu. Ni ile inayoingia Malindi kutoka Mombasa, ikapita upande wa uwanja wa ndege, ikakatiza mji, kisha ikatoka kwa jina la Barabara ya Lamu hadi daraja la Sabaki na kuendelea Mambrui, Gongoni, Marereni, Garsen na Lamu kwenyewe. Kwenye ramani ni barabara kuu ya taifa, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa namba ya B8. Kwetu sisi ni njia ya kwenda sokoni, shuleni, benki, hospitalini na msikitini. Ombi langu ni kwamba, kabla ya kumwaga lami nyingine au kuipanua hata kwa mita moja, mkae meza moja mkaipange upya kwa ajili ya wote wanaoitumia, mkianza na anayetembea kwa miguu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Katika miaka yangu ya kufundisha shule za msingi hapa Malindi, karibu wanafunzi wangu wote walikuja shuleni kwa miguu, na wengi wao iliwabidi kuivuka barabara hii. Nimewaona asubuhi wamesimama ukingoni mwa lami, mkubwa amemshika mdogo mkono, wakitazama huku na huku wakingoja mwanya usiopatikana, mpaka dereva mmoja mwenye imani asimame, na aliye nyuma yake apige honi ya hasira. Jioni baada ya alasiri huwa zamu ya watoto wa chuoni, yaani madrasa, wenye kanzu nyeupe na mabuibui madogo, juzuu zao kifuani. Mtoto wa miaka 7 hajaweza bado kupima kasi ya gari linalomjia. Hilo si kosa la malezi, ni umri wake. Barabara inayomtaka mtoto huyo akadirie sawasawa ndipo asalimike ni barabara iliyopangwa vibaya, hata lami yake ikiwa laini namna gani.

Nataka kwanza tukubaliane ni nani hasa anayeitumia barabara hii, kwa sababu naona mipango mingi huanza kwa kuhesabu magari na kuishia hapohapo. Alfajiri wachuuzi wa samaki huteremka pwani na baiskeli zao, makapu yamefungwa nyuma, kisha hurudi mbio kabla jua halijachoma. Kutoka Ganda, Kakuyuni na Jilore huja baiskeli zilizopakiwa magunia ya mkaa, madumu ya maziwa, nazi na maembe, na mara nyingi mwenyewe ameshuka anasukuma kwa kuwa mzigo umemzidi. Mahamali huvuta mikokoteni ya saruji na madumu ya maji. Akina mama hutembea na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Wafanyakazi wa hoteli na wa maduka hutoka Maweni, Kisumu Ndogo, Muyeye na Barani, wengine kwa miguu, wengine kwa tuktuk, wengine wamepakiwa wawili nyuma ya bodaboda. Juu ya hao wote zipo matatu za Mombasa na za Gongoni, mabasi ya Lamu, magari ya watalii na malori. Wote hushindania lami ileile, na asiye na injini ndiye anayetakiwa kupisha kila mara.

Matokeo ya ushindani wa namna hiyo yanajulikana kote nchini. Kila mwaka barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000, na katika taarifa za NTSA kundi linaloongoza kwa vifo ni la waendao kwa miguu, likifuatwa na watu wa pikipiki. Yaani anayekufa zaidi ni yule ambaye hana gari, na ambaye barabara haikuchorwa kwa kumfikiria. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa vijana na watoto kuanzia miaka 5 hadi 29 ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua. Nikisoma namba hizo kama mwalimu, naona madawati.

Hali ya kwetu ina uzito wake wa pekee, na uzito huo ni malori. Pwani ya Magarini, kuanzia Gongoni hadi Marereni, ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya chumvi inayotumika Kenya. Chumvi hiyo husafirishwa kwa barabara kuelekea Mombasa na bara, kwa hiyo lori lililojaa huvuka Sabaki na kuja kukutana, katikati ya mji wetu, na mwanafunzi, mchuuzi na tuktuk ya magurudumu matatu. Wala mzigo huu hautapungua. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilizinduliwa Mei 2021, na njia ya kutoka Garsen kupitia Witu hadi Lamu, ambayo zamani mvua ikinyesha ilikuwa matope matupu, sasa ina lami. Upande wa kusini, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha Desemba 2019 takriban yuro milioni 345 kwa ajili ya barabara ya pwani kutoka Bagamoyo, kupitia Horohoro na Lunga Lunga, hadi Malindi, na upanuzi wa barabara ya Mombasa, Mtwapa na Kilifi uko ndani ya mpango huo. Nafurahia maendeleo hayo kama mkazi mwingine yeyote, maana safari ya kilomita 120 hivi kwenda Mombasa imewachosha wagonjwa na wafanyabiashara wetu kwa muda mrefu. Lakini barabara zinazoharakishwa kutoka pande zote mbili zinakutana hapa, na Malindi ni mji wa watu, si kipenyo cha kupitishia mizigo. Mji usipojiandaa, utapokea kasi ya wengine bila ya ulinzi wowote.

Nianze na mwendo, kwa sababu bila ya kuudhibiti mengine yote hayatafaa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Hicho ni kikomo cha juu kabisa, na kwa mahali ambapo watoto na baiskeli wanachanganyika na malori bado ni kikubwa mno. Azimio la Stockholm la Februari 2020, ambalo Umoja wa Mataifa ulilipokea katika kutangaza muongo wa usalama barabarani wa 2021 hadi 2030, linataka kilomita 30 kwa saa mahali pa mchanganyiko kama huo. Sababu yake ni ya kimaumbile: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya pigo huwa mara nne, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Naomba kwa hiyo kilomita 30 katikati ya mji na mbele ya kila shule na kila chuo kilicho kando ya barabara hii.

Kibao peke yake, hata hivyo, hakimpunguzii dereva mwendo. Dereva hufuata kile ambacho barabara inamwambia kwa umbo lake: ikiwa pana, nyoofu na tupu pembeni, ataongeza, ikipungua upana, ikawa na mizunguko kwenye makutano na vivuko vilivyoinuliwa, atapunguza bila ya askari kusimama juani. Matuta tunayoyajua sisi, yale yanayowekwa haraka baada ya msiba, mara nyingi ni makali, hayana rangi wala taa, na usiku huangusha bodaboda badala ya kumwokoa mvukaji. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitalini kwa tuktuk huyahisi yote mgongoni. Kivuko kilichoinuliwa vizuri, chenye mteremko wa taratibu pande zote mbili, juu yake pakawa bapa na pana kiasi cha watoto kupita wakiwa wengi, hufanya kazi mbili kwa pamoja. Pale ambapo barabara ni pana zaidi, kiwekwe kisiwa katikati, ili mzee avuke nusu, apumzike, kisha amalizie nusu ya pili.

Najua wapo watakaopendekeza madaraja ya juu ya waendao kwa miguu. Naomba msikimbilie huko. Barabara ya Thika, iliyokamilishwa mwaka 2012 ikiwa na njia nyingi za magari, ilitufundisha kwamba watu huendelea kuvuka chini, na vivuko vya juu vikalazimika kuongezwa huku watu wameshakufa. Daraja la juu humpandisha ngazi yule aliyechoka, aliyebeba na aliye mgonjwa, ili yule aliyeketi garini asikanyage breki. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, ngazi ni ukuta, na Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kufika mahali pote pa umma na kutumia usafiri wa umma. Katika mji wa kiasi cha Malindi, mahali pa kuvukia ni chini, na anayepaswa kupunguza ni mwenye injini.

Sasa nije kwenye njia ya miguu, jambo ambalo naliona linachukuliwa kuwa dogo, na kumbe ndilo lenye mengi. Tukiambiwa njia ya miguu imejengwa, mara nyingi huwa ni kipande cha matofali kinachoanza mbele ya jengo moja zuri na kuishia kwenye mtaro au kwenye nguzo ya umeme. Mtembea kwa miguu hafiki popote kwa vipande. Akifika mwisho wa matofali hushuka kwenye lami, na hapo hesabu ya usalama inaanza upya. Naomba njia iwe moja isiyokatika, kila upande wa barabara, kutoka upande wa uwanja wa ndege hadi Sabaki, na mahali inapokutana na mlango wa hoteli au kituo cha mafuta, gari ndilo lipande kuifuata njia, si mtembeaji ashuke kulifuata gari.

Kisha pana suala la jua. Wahandisi wanaotujia kutoka mbali huenda wasilione, lakini sisi tunajua kwamba mwezi wa Februari na Machi mtu wa Malindi hafuati njia, hufuata kivuli. Njia ya miguu iliyowekwa upande wa jua kali, bila mti hata mmoja, itabaki tupu saa sita mchana, na watu wataonekana wakitembea juu ya lami upande wa pili ambako kuna kivuli cha ukuta. Baadaye litaandikwa kwamba wananchi hawatumii njia walizojengewa. Miti basi iingizwe katika mchoro na katika bajeti tangu mwanzo, miarobaini na mikungu ambayo inastahimili udongo wetu na upepo wa bahari, ipandwe kati ya lami na njia ya miguu ili iwe kivuli na kinga kwa wakati mmoja. Na mkandarasi asilipwe fungu lake la mwisho mpaka miti imeshika.

Masika yakija, tatizo hugeuka. Mitaro iliyo wazi hujaa takataka, maji hupanda na kuikalia njia, na kila anayetembea husukumwa katikati ya barabara, wakati huohuo ambao madereva hawaoni vizuri na breki hazishiki. Mtaro ulio wazi pia ni shimo la kumvunja mguu mtu usiku. Mitaro iliyofunikwa kwa zege, yenye mifuniko inayoweza kuinuliwa kwa kusafishwa, hukausha barabara na papo hapo huongeza upana wa njia ya miguu bila ya kuchukua shamba wala duka la mtu. Na taa ziangalie chini, kwenye njia na vivuko, si kwenye lami peke yake. Katika Ramadhani, watu wakitoka tarawehe, maelfu ya wenyeji huwa barabarani usiku, na hotelini nako wageni hutoka kutembea saa hizohizo. Mji unaoishi kwa utalii ungepaswa kuwa mahali ambapo mgeni anatoka hotelini kwa miguu bila hofu.

Kuhusu baiskeli nitasema machache. Zimekuwapo hapa kabla ya tuktuk na zitaendelea kuwapo, kwa sababu ndizo anazozimudu mtu wa kipato kidogo. Zipewe njia yake, yenye upana wa kupita baiskeli iliyopakiwa magunia mawili, iliyotengwa na magari kwa ukingo wa zege na si kwa mstari wa rangi. Mstari wa rangi, baada ya wiki moja, huwa maegesho.

Katika mikutano yetu, jambo hili likitajwa, lawama huangukia tuktuk na bodaboda. Sitaki kuwatetea wanaokimbiza pikipiki upande usio wao, wala anayepakia wanne na mtungi wa gesi. Sheria iwafikie, na mafunzo na leseni ziwe za kweli. Lakini tuwe waadilifu. Vijana hao ndio usafiri wa umma wa Malindi. Hatuna basi la mji. Usiku wa manane mtoto akishikwa na homa, ni dereva wa tuktuk anayegongewa mlango. Ni nani aliyemtengea mahali pa kusimama? Abiria anamsimamisha popote kwa kuwa hakuna kituo, naye husimama juu ya lami kwa kuwa pembeni pamekaliwa na gari lililoegeshwa au meza ya mchuuzi, ambaye naye hakutengewa mahali. Tukimfukuza mmoja leo, kesho atarudi, maana bado ana watoto wa kulisha. Kinachohitajika ni vituo vidogo vilivyoingizwa ndani ya ukingo, kila baada ya umbali mfupi unaotembeka, vyenye paa na benchi, ambapo tuktuk zinapanga foleni, bodaboda zina upande wake na matatu ya kupita inasimama bila kuziba njia. Wachuuzi wapimiwe nafasi yao nyuma ya njia ya miguu, kwenye vituo hivyohivyo, kwa sababu mama anayeuza mahamri na mbaazi huenda walipo wateja, na akiwekwa mahali pazuri atasaidia kufanya kituo kiwe na watu na kiwe salama usiku.

Steji za magari ya masafa marefu nazo zitazamwe katika mpango huohuo. Gari la Mombasa, la Gongoni na la Lamu yakishusha watu mahali pamoja nje ya lami, pakawa na tuktuk zinazongoja ndani na njia ya miguu inayofika hadi sokoni, safari ya mkulima wa Marafa mwenye kapu lake inakuwa moja. Sasa hivi ni safari tatu, na katikati ya kila safari kuna kuvuka barabara.

Wengine husema dawa ni baipasi, malori yapite nje ya mji na shida iishe. Nakubali kwamba malori ya chumvi na ya bandari hayana kazi mbele ya maduka yetu, na barabara ya kuyazungusha upande wa bara ingekuwa baraka. Hata hivyo baipasi huchukua miaka kujengwa, na wakati huo wote watoto watakuwa wanavuka. Vilevile magari mengi tunayokutana nayo katikati ya mji hayapiti tu: ni tuktuk, ni bodaboda, ni gari la mwenye duka, na hayo baipasi haitayaondoa. Na mji wetu unakua kuelekea huko huko bara. Baipasi isipopangwa na vivuko, vituo na njia za miguu tangu siku ya kwanza, na viwanja vya kandokando yake visipodhibitiwa, itageuka kuwa barabara ya pili inayowaua watu wa Ganda. Mpaka ijengwe, lipo jambo linaloweza kufanywa kwa amri na makubaliano tu: malori makubwa yasipite katikati ya mji saa za watoto kwenda na kutoka shuleni. Wenye viwanda vya chumvi ni majirani zetu, na naamini wakiitwa mezani watakubali kupanga saa zao.

Sasa naja kwenye kiini cha barua hii. Barabara ni moja, lakini wenyewe ni wengi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya kitaifa barabara kuu, nayo inazisimamia kupitia KeNHA, iliyoundwa kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Jedwali hilohilo limeipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. NTSA ina leseni na viwango vya usalama. Polisi wana utekelezaji. Manispaa ina usafi, masoko na mipango ya mji. Maana yake ni kwamba lami ina mwenyewe, taa iliyo juu yake ina mwingine, tuktuk iliyosimama chini ya taa ina wa tatu, na mchuuzi aliye kando ya tuktuk ana wa nne. Kila ofisi inaweza kutimiza wajibu wake kwa ukamilifu na mtoto bado akagongwa, kwa sababu kuvuka kwake hakukuandikwa katika wajibu wa ofisi yoyote. Hili haliwezi kurekebishwa na mwananchi. Ni ninyi tu mnaoweza kutia saini makubaliano ya kuunda kikosi kimoja cha barabara hii, chenye kiongozi mmoja anayejulikana kwa cheo na ofisi, bajeti inayoonekana, na wajibu wa kutoa taarifa mbele ya wananchi kila robo ya mwaka kuhusu ajali zilizotokea, mahali zilipotokea na kilichobadilishwa mahali hapo.

Mtaniuliza fedha zitoke wapi. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli inayonunuliwa Kenya inatozwa shilingi 25 za ada ya matengenezo ya barabara. Kijana wa bodaboda anailipa kila akijaza tangi, na abiria wake anailipa ndani ya nauli, hata yule ambaye hatamiliki gari maisha yake yote. Shilingi bilioni 10.5 za ada hiyo zilizua mvutano mkubwa kati ya kaunti na Bunge la Kitaifa kuhusu nani azitumie. Sina nafasi katika ugomvi huo, ila nasema: yeyote atakayezishika, kuna fungu lake mtembea kwa miguu. Kaunti ya Nairobi ilitangaza mwaka 2015 sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti yake ya barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kutangaza si kutekeleza, lakini namba iliyoandikwa humpa mwananchi kitu cha kudai. Naomba Bunge la Kaunti ya Kilifi lipitishe namba yetu.

Na si kila kitu ni ghali. Dar es Salaam, pamoja na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, ambayo yalijengewa njia za miguu na za baiskeli kandoni, kuna kazi ndogo zaidi ambayo naistahi hata kuliko hiyo. Shirika la Amend, kwa mpango wao wa SARSAI, walikwenda shule kwa shule wakatazama watoto wanavyotembea, kisha wakajenga vijia, vivuko, matuta na vigingi vya kuzuia magari, na pengine wakahamisha lango la shule kutoka barabara kubwa kwenda upande wa nyuma. Kuhamisha lango! Ni kazi ya fundi mmoja na vibarua wachache. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI, taasisi ya utafiti ya kimataifa, na ulianzia mji wa pwani unaozungumza lugha yetu, wenye joto letu na bodaboda kama zetu.

Ushirikishwaji wa umma ni matakwa ya Katiba katika Kifungu cha 10, nanyi mnalijua hilo kuliko mimi. Ninachoomba ni kwamba ufanywe kwa namna ambayo watu wataelewa. Kifungu cha 7 kimeifanya lugha ya Kiswahili kuwa ya taifa na pia rasmi, kwa hiyo michoro na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili, na katika mikutano awepo wa kufasiri kwa Kigiriama. Michoro ibandikwe sokoni, steji, misikitini, makanisani na katika ofisi za machifu. Mkutano usiitwe asubuhi ya siku ya kazi, katika ukumbi wa hoteli ambao mchuuzi wa samaki hathubutu kuuingia. Waiteni walimu, waiteni wauguzi wanaowapokea majeruhi, waiteni wanaotembelea magongo na viti vya magurudumu, na watoto pia waulizwe ni wapi wanaogopa kuvuka. Wao wanapajua vizuri kuliko ramani yoyote.

Kama mtaniuliza nini kitangulie kabla ya fedha kubwa kupatikana, nitataja haya: vibao na vivuko vilivyoinuliwa mbele ya kila shule iliyo kando ya barabara hii, kabla ya muhula ujao, mifuniko ya mitaro na taa katika sehemu ya mji yenye maduka na benki, mpango wa saa za malori, na kituo kimoja cha mfano cha tuktuk, bodaboda na wachuuzi, kijengwe vizuri na kitazamwe kwa miezi kadhaa ili makosa yarekebishwe kabla ya kujenga vingine.

Tafadhali tujibuni kwa maandishi, mkitaja ofisi itakayoongoza na siku ya mkutano wa kwanza wa hadhara hapa Malindi. Tutahudhuria, na nitawaomba walimu wenzangu waje na ramani walizochora wanafunzi wao za njia wanazopita kwenda shuleni.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa Malindi